Nani Afundwe?

Binti wa Kizaramo akivunja ungo, hakuna anayetarajia kwamba mambo ya utu uzima atayajua mwenyewe. Hilo tulishike kwanza, kabla hatujafungua riwaya hata moja. Katika vijiji vya Kisarawe, kuanzia Maneromango hadi Mzenga, desturi ya zamani ya unyago ilikuwa kumweka mwali ndani, mbali na macho ya wanaume, na kumkabidhi kwa somo na makungwi wamfunde: namna ya kukaa na kusalimia, namna ya kujitunza, namna ya kuishi na mume na mawifi, na yale ya chumbani yasiyosemwa mbele ya watoto. Mwali alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa kilichochongwa mithili ya nywele zilizosukwa, chenye kifua na kitovu lakini kisicho na mikono wala miguu, akakitunza na kukipaka mafuta kana kwamba ni mwanawe. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi miongoni mwa Wazaramo, aliyaeleza mambo haya kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1970. Enzi hizo binti aliweza kukaa ndani miezi mingi, hata kupita mwaka. Siku hizi shule imeibana desturi hiyo mpaka ikaingia ndani ya likizo. Lakini iwe ndefu au fupi, nyuma yake kuna imani moja isiyotikisika: mapenzi na ndoa vina kanuni zake, na kanuni hufundishwa. Asiyejua si mjinga. Hajafundwa tu.

Riwaya ya mapenzi ya Kimagharibi imesimama juu ya imani iliyo kinyume kabisa. Humo, mpenzi wa kweli haambiwi. Macho yakikutana, mambo yamekwisha. Mkono ukiguswa, mwili unajua wenyewe pa kwenda. Anayeuliza ameshaharibu starehe. Ndiyo maana kitabu cha Helen Hoang, The Kiss Quotient, kilipotoka Marekani mwaka 2018, wazo lake lilionekana jipya na la kuchekesha. Shujaa wake, Stella Lane, ana umri wa miaka 30, ni bingwa wa takwimu za uchumi kule California, ana kipato kinono, na akiwa karibu na mwanamume mwili wake unakakamaa. Ana usonji. Mama yake anataka wajukuu. Basi Stella anafanya jambo ambalo mtu wa takwimu angelifanya: anamkodi Michael Phan, kijana anayewauzia wanawake usiku wake, amfundishe mapenzi, na anamletea mpango wa masomo ulioandikwa vizuri, wenye visanduku vya kuweka alama ya vema kila hatua inapokamilika. Hoang amesema wazi kwamba aliigeuza filamu ya Pretty Woman ya mwaka 1990, mwenye fedha akawa mwanamke. Yeye mwenyewe aligunduliwa kuwa na usonji mwaka 2016, akiwa mke wa mtu na mama wa watoto, baada ya mwalimu wa shule ya awali kumwambia huenda bintiye ana hali hiyo. Aliposoma ili amwelewe mtoto, akajikuta anasoma habari zake mwenyewe.

Msomaji aliyekulia Kisarawe atacheka pia, ila atacheka penginepo. Mpango wa masomo hautamshangaza hata kidogo. Kitakachomshangaza ni kwamba mwanamke amefika miaka 30 bila kuwa na wa kumfunda, mpaka ikabidi somo alinunue, tena kwa mwanamume. Akishamaliza kucheka, ataona jambo ambalo wahakiki wengi wa huko hawakuliona. Kinachoitwa ajabu ya Stella, yaani kutaka mambo ya mapenzi yaelezwe kwa maneno, hatua kwa hatua, bila mafumbo, si ajabu kila mahali duniani. Ni ajabu pale tu jamii ilipoamua kwamba mapenzi ni jambo la kujiotea kama nywele. Sehemu ya unyonge anaoubeba Stella inatokana na ubongo wake, kweli. Lakini sehemu kubwa inatokana na jamii iliyoficha kanuni zake halafu ikamcheka asiyezikisia.

Hapo ndipo penye hoja ya sura hii. Riwaya ya mapenzi inayomchora mwanamke mwenye usonji hupimwa mara nyingi kwa orodha ya dalili: je, anakwepa macho, anachukia kelele, anarudia vyakula vilevile, anapenda jambo moja kupita kiasi? Kipimo hicho ni cha daktari, nacho kinaweza kutimizwa na kitabu kibaya mno. Kipimo kinachofaa kwa hadithi ya watu wawili ni kingine: ukurasa wa mwisho ukifika, nani amefundwa? Kama mwanamke ndiye aliyejifunza peke yake, akajifunza kutazama machoni, kucheka panapostahili kuchekwa, kuvumilia asichokivumilia, na mwanamume akabaki vilevile alivyoingia, hapo tumesomewa habari za mtu aliyejibana mpaka akapendeka. Kama wote wawili wamefundwa, ni hadithi ya mapenzi.

Ili tuone kwa nini swali hilo lina uzito wa pekee kwa wanawake, tuangalie jinsi walivyopotea katika hesabu tangu mwanzo. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alieleza watoto 11 wenye hali aliyoiita usonji. Wasichana walikuwa watatu. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza kwa kina watoto wanne, wote wavulana. Kumbe daktari wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, alikwisha kuandika kuhusu wavulana sita wa namna hiyo katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1927 akaandika kuhusu wasichana, akilinganisha walivyofanana na wavulana na walivyotofautiana nao. Kazi yake haikusomwa sana nje ya kwao kwa miongo mingi. Dunia ikafuata picha ya Kanner na Asperger, na kwa muda mrefu ikasemwa kwamba kwa kila msichana mwenye usonji kuna wavulana wanne. Mwaka 2017 uchambuzi uliozijumlisha tafiti nyingi pamoja ulionyesha kwamba, watoto wakitafutwa mmoja mmoja badala ya kungojwa hospitalini, uwiano unasogea karibu na watatu kwa mmoja. Maana yake wasichana wapo, ila wanapitwa. Mwaka huohuo Laura Hull wa London na wenzake walichapa utafiti kuhusu namna watu wazima wenye usonji wanavyojificha: kuiga mwendo na maneno ya wenzao, kujilazimisha kutazama, kukariri mazungumzo kabla ya kwenda mahali. Waliohojiwa walieleza uchovu wa kutisha unaofuata. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba wanawake, kwa wastani, hujificha zaidi kuliko wanaume.

Pwani yetu ina maficho yake, tena yenye heshima. Mwali aliyefundwa vizuri huinamisha macho. Hajibu haraka. Hasemi mbele ya wakubwa mpaka asemeshwe, na hata akisemeshwa sauti yake haifiki mlangoni. Sasa mchukue msichana ambaye kumtazama mtu machoni kunamuumiza, ambaye maneno humchelewa akiwa kati ya watu wengi, ambaye anapenda kukaa peke yake akipanga shanga zake kwa rangi. Shangazi zake watasema nini? Watasema ametulia, ana haya, amelelewa. Hakuna atakayeuliza zaidi, kwa sababu kilichokuwa kinaonekana kama tofauti kimeingia barabara ndani ya umbo la binti mwema. Kaka yake mwenye tabia zilezile angeitwa jeuri au angepelekwa kwa mganga, na kwa njia hiyo ya kusikitisha walau angetambuliwa kwamba ana jambo. Kisha siku ya kumtoa mwali inafika: ngoma tangu usiku, spika zimeelekezwa uani, binti amebebwa mabegani, watu wanasukumana kumtunza noti. Kwa msichana ambaye masikio yake hayachuji sauti, hiyo si furaha hata chembe, na akilia, mila ina jibu tayari: mwali hulia.

Fasihi yetu ya mapenzi imeyakuta maficho hayo na kuyaremba. Katika simulizi zinazoendelea wiki hadi wiki magazetini, aina ambayo Eric Shigongo aliivumisha mno kupitia magazeti ya Global Publishers, na katika simulizi zinazosambazwa siku hizi kwa simu, mrembo mpole asiyesema sana ni sura inayorudi tena na tena. Ukimya wake ni pambo. Mwandishi haingii ndani ya ukimya huo kutazama kuna nini. Anautazama kutoka nje, kwa macho ya mwanamume anayemtamani. Shujaa wa kike aliyeandikwa waziwazi kuwa ana usonji hajapata kiti katika riwaya zetu za mapenzi zinazojulikana, na sidhani sababu ni kwamba waandishi hawajui neno usonji. Sababu ni kwamba mwanamke wa namna hiyo ameshaandikwa mara nyingi bila kuulizwa anawaza nini.

Mfano wa karibu tulionao ni Takadini ya Ben Hanson, ambayo vizazi vya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nchini wameisoma kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili. Takadini anazaliwa na ualbino katika kijiji kinachotaka afe. Mama yake, Sekai, anakimbia naye. Anakua, anajifunza kupiga mbira, na hatimaye msichana Shingai anamchagua yeye na kumwacha mwanamume aliyekusudiwa. Ni hadithi yenye moyo, na imefanya kazi kubwa kuliko mabango mengi. Lakini angalia mambo mawili. Aliye tofauti ni mwanamume, na anayevuka mpaka kumfuata ni mwanamke. Tena tofauti yake inaonekana kwa macho, kwa hiyo Shingai anaijua tangu siku ya kwanza. Anachohitaji ni ujasiri wa kuwakabili wengine, si kazi ya kumwelewa Takadini mwenyewe. Usonji haukai kwenye ngozi. Anayempenda mwanamke mwenye usonji hapambani na kijiji tu. Anapambana na mazoea yake mwenyewe ya kusoma nyuso, kununa akingoja aulizwe, na kusema hapana huku akitaka ieleweke ndiyo. Hadithi hiyo iliyogeuzwa, mwanamke akiwa ndiye aliye tofauti na mwanamume akiwa ndiye wa kuvuka, bado inangoja mwandishi.

Turudi kwa Hoang, kwa sababu kuna mahali anaonyesha jinsi kuvuka kunavyofanyika, na hatumii hotuba. Michael, mbali na kazi yake ya usiku, ni mshonaji. Anasaidia katika duka la mama yake na anaota kubuni nguo. Stella ni mtu ambaye mshono mkali au lebo ya shingoni inaweza kumharibia siku nzima. Michael analigundua hilo kwa jicho la fundi, na nguo zinakuwa lugha yao: kitambaa kinachaguliwa kwa jinsi kinavyohisiwa upande wa ndani, mishono inafunikwa isikwaruze. Hilo ndilo penzi lililoandikwa vizuri. Hakuna aliyemwambia Stella azoee. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani anajua kwamba wateja hukagua upande wa nje. Huyu kijana amejifunza kuigeuza nguo. Mahali pengine kitabuni Stella anakula kwa mama yake Michael. Televisheni inasema, kinanda kinapigwa, chakula kimepashwa moto ndani ya chombo cha plastiki, na Stella, ambaye kichwa chake kimeshajaa, anaeleza kwa ukweli mtupu kwa nini plastiki iliyopashwa moto ni hatari. Mama mkwe mtarajiwa anaudhika. Mwandishi dhaifu angemfanya Stella aombe radhi na ajifunze kunyamaza. Hoang anaacha pande zote zioneshe zilivyokosana: mwenyeji hakujua kelele ni mateso, mgeni hakujua chakula cha mama ni heshima.

Mwanasosholojia Mwingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliiandikia hali hii nadharia mwaka 2012. Alisema kushindwa kuelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni tatizo la pande mbili. Kulipachika kwa mmoja tu ni kumwonea. Miaka minane baadaye Catherine Crompton na wenzake walilipima wazo hilo kwa mchezo ambao hata watoto wetu wanaujua, wa kunong'onezana habari mtu kwa mtu mpaka ifike mwisho wa mstari. Mistari ya watu wenye usonji peke yao ilifikisha habari sawasawa na mistari ya wasio na usonji. Habari ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Haki inataka tuongeze kwamba jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2025, lenye washiriki zaidi ya 300, halikuona tofauti hata kwenye mistari iliyochanganywa. Wapo watakaosema basi nadharia imeanguka. Mimi naona imepona upande unaotuhusu: majaribio yote mawili yamekataa kwamba mwenye usonji ndiye kiungo kibovu cha mnyororo. Na riwaya nyingi za zamani zilijengwa juu ya dai hilohilo, kwamba mmoja ni mzima na mwingine anatengenezwa.

Sasa pingamizi. La kwanza litatoka kwa msomaji mkali wa The Kiss Quotient, naye atasema nimekisifu kitabu kupita kinavyostahili: Stella ni mrembo, tajiri, mwenye akili za ajabu, na wasiwasi wake wa mwili unayeyuka mikononi mwa kijana mzuri kama barafu juani. Je, huko si kuponywa kwa mapenzi, dawa ileile ya zamani katika chupa mpya? Kuna ukweli hapa. Kitabu cha kwanza cha Hoang kinateleza kuelekea huko, na fedha za Stella zinamfungulia milango ambayo muuza maandazi wa Kisarawe mjini hataiona. Lakini mwandishi huyohuyo alijisahihisha. Katika The Heart Principle, cha mwaka 2021, Anna Sun ni mpiga fidla ambaye umaarufu wa ghafla mtandaoni umemfanya ashindwe kupiga. Kila akianza wimbo anaurudia tangu mwanzo. Mtaalamu wake anamweleza kwamba ana usonji, naye anapata nafuu ya kujifahamu, lakini dada yake anakataa kata kata kuusikia ugunduzi huo. Kisha baba yao anapigwa na kiharusi, na Anna anawekwa kando ya kitanda kumuuguza, siku baada ya siku, akiigiza uthabiti asio nao, mpaka anavunjika. Quan, mpenzi wake, hamponyi. Anakaa naye. Nusu ya kitabu mapenzi yenyewe yamesogezwa pembeni, na wasomaji waliotaka raha walilalamika. Kwetu sura hizo za kuuguza ndizo zitakazosomeka kama habari za jirani: binti wa mwisho asiyeolewa ndiye anayeachiwa mgonjwa, na akisema amechoka ameonekana hana utu.

Tena si mashujaa wote wa namna hii ni matajiri wa California. Talia Hibbert, mwandishi Mwingereza mweusi ambaye naye ana usonji, alimwandika Eve Brown katika Act Your Age, Eve Brown, kitabu cha mwaka 2021 pia. Eve ni mweusi, mnene, amejaribu kazi nyingi na kuziacha, na familia yake imechoka naye. Anaajiriwa kupika katika nyumba ya wageni ya Jacob, mwanamume anayejua kwamba ana usonji na haoni haya kulisema. Kwa kumtazama Jacob, Eve anaanza kujitambua. Hapa mwalimu na mwanafunzi wamebadilishana viti mara kadhaa, na hakuna daktari aliyeingia katikati. Eve hutembea na kisikilizi kimoja sikioni, muziki ukimpunguzia kelele za dunia, na Jacob anajifunza kwamba kisikilizi hicho si utovu wa adabu.

Pingamizi la pili linatoka nyumbani, na ni zito. Litasema: unausifu unyago kwa sababu unasema mambo waziwazi, lakini umesahau unasema nini. Makungwi humfunda msichana ampendeze mume. Humfundisha kuigiza, kuficha hasira, kuvumilia. Uigizaji ndio huohuo unaowachosha wanawake wenye usonji mpaka wanavunjika. Pingamizi hili ni la kweli kuhusu maudhui, na sina nia ya kuyatetea yote yanayosemwa ndani ya chumba cha mwali. Ninachotetea ni namna. Kusema wazi kwamba tendo hili linaanza hivi, linaumiza hapa, linapendeza pale, kwamba mume akifanya hivi maana yake ni hivi, ni ukarimu mkubwa kwa akili isiyokisia. Stella Lane angeupokea kwa shukrani. Kasoro iko kwenye mwelekeo: maji yote yanamiminwa kwenye mtungi mmoja. Zamani walau kulikuwa na jando. Wavulana wa Kizaramo walikwenda porini, wakatahiriwa na kufundishwa, hata kama si yote waliyofundishwa yangetufurahisha leo. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitalini wakiwa wadogo, wanapona baada ya siku chache, na mafundisho yamebaki porini bila mtu. Binti bado anafundwa, na akiolewa mjini atafundwa tena kwenye kitchen pati, mshereheshaji akinguruma kwenye kipaza sauti na wanawake wakijibu kwa vigelegele. Mwanamume anaingia chumbani na alichookota kwenye simu. Kwa hiyo riwaya inayomfunda mwanamume, ikamwonyesha akiuliza na kusubiri jibu, kwetu inaziba pengo la kweli; haijaletwa kama pambo la kigeni.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Wanawake wote niliowataja wanasema, wana kazi, wanaweza kukataa. Mabango ya tarehe 2 Aprili, siku ya usonji ambayo Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu mwaka 2008, yanatuonyesha watoto ambao wengi wao hawasemi, na kitengo cha usonji kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam kinapokea wenye mahitaji makubwa. Watoto hao wanakua. Wasichana wao wanavunja ungo. Hofu ya wazazi wao haihusu nani atamkodi mwalimu wa mapenzi. Inahusu nani atamdhuru binti asiyeweza kusimulia kilichompata. Je, si anasa kujadili mabusu ya Stella? Ingekuwa anasa kama mabusu hayo yangekuwa jambo jingine na hofu hiyo jambo jingine. Yanakutana kwenye ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Mahakama zinaweza kusema umri. Haziwezi kumfundisha kijana kwamba ukimya si ndiyo, kwamba macho yaliyoinama hayajakubali kitu, kwamba mwali anayelia huenda analia kweli. Msichana mwenye maneno machache anadhurika zaidi kuliko wengine wote pale ambapo hadithi zote zimemfundisha mwanamume kuusoma ukimya kama haya, na haya kama ndiyo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema riwaya ya mapenzi isisumbuliwe na mambo haya kwa kuwa wasomaji wanataka kujifurahisha. Wanaosoma ili wajifurahishe ndio wengi, na wanasoma wakiwa na miaka 15 na 16, umri ambao wanaokota kanuni kokote zinakodondoka. Wala sidai kila mwandishi ampachike shujaa wake jina la hali. Wapo wahakiki waliokwenda mbali, wakarudi kwenye riwaya za Jane Austen za miaka 200 iliyopita na kuwagawia wahusika usonji. Phyllis Ferguson Bottomer aliandika kitabu kizima mwaka 2007 kuhusu Pride and Prejudice kwa njia hiyo. Ni mchezo wa kufurahisha, lakini hauongezi mwanamke hata mmoja kwenye fasihi. Unabandika lebo tu kwa waliokuwepo. Anayeongeza ni mwandishi anayeanza upya kutoka ndani. Akitaka kuanzia Kisarawe, vifaa anavyo: chumba cha mwali chenye amani ambayo msichana huyu pengine ataipenda kuliko wenzake wote, mwana hiti ambaye hamtazami mtu wala hadai kutazamwa, somo anayeeleza mambo kwa mpangilio, halafu siku ya kutoka na spika zake. Na ng'ambo ya uzio awepo kijana ambaye hakuna aliyemfunda chochote, anayelazimika, kwa mara ya kwanza katika ukoo wao, kwenda kwa somo wa mchumba wake na kuomba naye afundishwe.